Nyumba ya Milango Sita

Jumatatu, 5 Mei

Viazi vya kwanza vimeingia kutoka shamba. Nimemenya tangu asubuhi, utomvu umeganda vidoleni hadi rozari inanata. Vimekaza mwaka huu. Michembe, vipande vyake vikishakauka, itakuwa mitamu, nitauza vizuri gulioni. Nimeianika juu ya bati la banda la kuku, maana chini mbuzi wa jirani hawana adabu.

Mwezi wa Mama Maria huu, Jumuiya yetu ya kanisa tunasali nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa zamu ya wifi yangu, Mama Shija. Tumeimba mpaka sauti ya pili ikapotea njia, tukacheka katikati ya litania. Mungu atusamehe. Raha tupu.

Wakati wa kuagana wifi akanishika mkono. Kaka yake Masanja, yaani Baba Kulwa, yaani mume wangu, amepiga simu kutoka Katoro. Anakuja wiki hii kwa ajili ya nyumba. Nikauliza nyumba gani. Akaangalia chini.

"Hiyo unayolala, mayu."

Nimekula ugali wangu wote hata hivyo. Sikubali njaa inikute na mawazo pamoja.

Jumatano, 7 Mei

Leo mawazo yote ni nyumba. Nimeizunguka kama mgeni.

Tuliijenga mwaka ule wa uvumi kwamba mgodi unapanua eneo lake. Segese yetu nzima ilipandwa wazimu. Watu walijenga usiku na mchana ili wathamini wakija wakute nyumba, walipwe fidia. Nyumba za kutegesha, ndivyo tunavyoziita, kwa sababu unatega halafu unasubiri. Hakuna aliyefikiria kulala ndani. Masanja akasikia mahali, sijui wapi, kwamba wathamini wanahesabu milango. Akajenga vyumba sita kwenye mstari mmoja kama behewa, kila chumba na mlango wake wa nje. Ndani hakukuwa na pa kupitia hata kuku. Kutoka kitandani kwenda jikoni ilikuwa lazima utoke nje, mvua ikunyeshee, uingie mlango mwingine.

Mgodi ukapanua upande wa pili. Wathamini hawakuja hata kuomba maji ya kunywa.

Masanja aliinunia ile nyumba kama mtu aliyemdanganya. Akaenda Katoro kutafuta dhahabu. Akaipata. Akapata na mwanamke. Miaka sita sasa. Mimi nikatoka kwa mama mkwe, nikahamia humu na pacha wangu, Kulwa na Doto. Nimetoboa kuta kwa ndani, nimepiga plasta, nimemwaga sakafu chumba kwa chumba, kwa michembe na kuku na vibarua vya mpunga. Watoto wamekua humu. Kulwa ameolewa Ushetu, Doto yuko kazini Mwanza.

Ilijengwa kuwa mtego. Nimeigeuza nyumba. Nasema hivyo na ninajisifu, sioni aibu.

Ijumaa, 9 Mei

Amekuja. Gari jeupe, miwani myeusi, tumbo limetangulia. Ananisalimia vizuri, lazima niseme ukweli. "Mama Kulwa, hujazeeka." Mimi nikamwambia na yeye amenenepa, akafurahi kana kwamba nimempa zawadi.

Kisha akatoa kwenye gari kopo la rangi nyekundu na brashi. Akaandika MASANJA kwenye milango mitatu ya mwanzo. Herufi kubwa, rangi inachuruzika. Anasema wageni wamejaa Segese, vyumba vya kupanga vinatafutwa kama dawa. Milango sita, watu wawili, kila mtu mitatu. Atapangisha vyake. Kimoja atakifanya grosari ya bia.

Nacho ndicho kinachopakana na chumba changu. Ukutani hapo ndipo ilipo picha ya Mama Maria, ndipo Jumuiya wanaposalia zamu yangu ikifika.

 Nikapika. Akala, akasifu, akaondoka.

Nimejichukia kwa jambo moja tu. Nilimpa paja la kuku.

Jumapili, 11 Mei

Misa. Sikusikia mahubiri vizuri, ninasikia brashi tu.

Baada ya misa nimemfuata katekista. Nilitaka kujua kama ni dhambi mke wa ndoa ya kanisani kumpeleka mumewe mahakamani. Aliniuliza ninataka nini. Nikasema nataka nyumba yangu iwe nzima. Sitaki talaka, niliapa mbele ya altare na sijakifuta kiapo changu, hata kama mwenzangu amekiweka mfukoni. Katekista akafikiri sana. Akasema kusema ukweli mbele ya hakimu hakujawahi kuwa dhambi, niende kwanza kwa Neema.

Neema ni msaidizi wa kisheria, ana kaofisi pembeni ya mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa namjua kama binti anayeimba sauti ya kwanza.

Mama Shija ananiepuka. Inaniuma kuliko rangi. Damu ni damu, namwelewa, lakini inauma.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwa Neema. Kanipa shikamoo, kanipa na kiti chenye mto, yeye kakaa kwenye gunia. Mashine inanguruma ukutani, tunaongea kwa kupayuka, mambo yangu yote nadhani wakoboaji wameyasikia. Hata hivyo nimefurahi hivi kwamba nimetembea kurudi nyumbani nikiimba.

Kwanza: nyumba iliyojengwa ndani ya ndoa haigawanywi kwa brashi. Hata awe mwanaume, hata awe na gari. Pili: sheria haiangalii mfuko peke yake. Inahesabu na jasho la mikono, na kulea, na kupika. Nikamuuliza mara mbili hiyo ya kupika. Akasema ndiyo mama, na kupika.

Tatu ndiyo iliyonitoa machozi. Kuna talaka, na kuna kutengana. Mahakama inaweza kuamua watu waishi mbalimbali, ikagawa na mali waliyochuma pamoja, bila kuivunja ndoa. Pete inabaki kidoleni. Sikujua. Miaka yote hii nilidhani ni ama nivumilie ama nimkane Mungu.

Ameniambia niiache rangi ilivyo mlangoni, nisiisugue, iwe ushahidi. Na kwamba lazima tuanzie baraza la usuluhishi la kata.

Viazi vya debe la pili vimeanikwa.

Jumamosi, 17 Mei

Leo kituko. Nipo kwenye kumenya, pikipiki ikasimama. Nyuma amekaa jitu refu limekumbatia godoro. Linashuka, linanisalimia kwa heshima, linakwenda moja kwa moja mlango wa pili, linasukuma.

Nikamuuliza baba, wewe nani. Anaitwa Ramadhani, mchimbaji, mtu wa Kigoma. Amepangishiwa chumba na Bosi Masanja wa Katoro na ameshamlipa. Ndani ya chumba hicho kuna magunia yangu ya mpunga na kuku anayeatamia.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikamwambia akae, nikamletea chai na matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha. Nikamweleza yote, rangi, ndoa, kesi, grosari. Anatafuna anasikiliza. Mwisho akasimama na godoro lake.

"Mama, chini ya ardhi naingia siogopi. Ila kesi ya mume na mke na watu wa rozari, hapo siingii."

Akacheka, nikacheka, na dereva wa pikipiki akacheka. Akaenda kumdai Masanja chake. Alipofika njiani akarudi, kasahau kofia, akaomba na matobolwa mengine ya safarini. Nimempa mfuko mzima.

Alhamisi, 22 Mei

Baraza la kata. Siku mbaya, niiandike haraka.

Masanja alikuja na shati la kunyooshwa. Akaongea vizuri kuliko mimi. Alisema hana ugomvi, anampenda mama wa watoto wake, ila nyumba yenyewe imeshajigawa. "Angalieni wazee wangu. Mungu mwenyewe kaweka milango sita. Tungekuwa na mmoja ningesema tugombane."

Wajumbe walicheka. Wawili wakatikisa kichwa kukubali. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, mama, mitatu si haba, wewe uko peke yako, utalala vyumba vingapi?

 Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi. Ningesema sihitaji kulala vyumba sita, ninahitaji kulala bila walevi ukutani. Ningesema sakafu ile nimeipigia magoti nikiilainisha. Maneno yote mazuri yamenijia njiani wakati wa kurudi.

Neema alinisemea kidogo, nami nikasema neno moja tu, sikubali. Baraza likaandika kwamba limeshindwa kusuluhisha, sasa tunaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo.

Naogopa. Huko ukishindwa umeshindwa kweli.

Jumamosi, 31 Mei

Kufunga mwezi wa Maria. Zamu yangu. Nilifikiri watu wataogopa kuja kwenye nyumba yenye jina la mtu mlangoni. Wamejaa hadi uani. Watoto wamekaa kwenye vizingiti vyote sita, kila kizingiti wanne watano. Mara ya kwanza nimeona ile milango ina faida.

Mama Shija alikuja. Alichelewa, akasimama nyuma. Wakati wa kutakiana amani akapita katikati ya watu wote akanikumbatia.   

Wabeja Mama Maria. Asante, wabeja sana.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua shauri. Sikuwahi kuingia mahakamani hata kusalimia. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Karani kijana ana mafua, anapiga chafya kila nikitaja jina la Masanja, nikajizuia kucheka nikashindwa, naye akacheka. Naomba kutengana. Naomba nyumba isikatwe. Tarehe tumepewa Julai.

Kulwa kaja kutoka Ushetu, tumbaku yao imeshauzwa. Amekuja na mtoto wake mgongoni na hasira kifuani. Anataka kwenda Katoro kumtukana baba yake. Nimemkataza. Nimempa kisu na viazi. Alimenya kwa nguvu hadi kiazi kikabaki kama kidole. Jioni alikuwa anaimba.

Jumapili, 22 Juni

Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Maandamano yamepita barabara yetu, na viongozi walichagua mlango wangu uwe kituo cha pili! Niliambiwa juzi tu. Nikasema haiwezekani, Yesu apite mbele ya MASANJA MASANJA MASANJA kwa rangi nyekundu?

Wanawake wa Jumuiya wakacheka. Alfajiri wamekuja na vitenge. Kila mmoja ametoa kizuri chake cha sandukuni. Wamevitundika kwenye milango yote, vya njano, vya bluu, vya maua, vya samaki, kimoja kina picha ya feni. Nyumba imekuwa kama harusi. Mama Shija ndiye aliyepanda kwenye stuli kufunika jina la kaka yake. Aliponea chupuchupu kuanguka, tukamdaka makalio, kicheko hadi machozi.

Padri alisimama mbele ya nyumba yangu ameinua Monstransi yenye Ekaristi. Nimepiga magoti kwenye vumbi. Nilitaka kuomba nishinde kesi. Midomo ikaomba tu asante, asante, asante. Sijui kwa nini. Moyo ulikuwa umejaa hauna nafasi ya kuomba kitu kingine.

Jumatano, 9 Julai

Kesho. Ndiyo tarehe ya mahakama. Kulwa anasema nile, sili. Mimi, nisile.

Nimemwambia Mungu wazi: nikipoteza vyumba vitatu sitakuchukia, lakini nitalia, uwe tayari.

Alhamisi, 10 Julai

Niandike polepole nisiruke kitu.

Hakimu ni mwanamke, mdogo kwangu, ana sauti ya chini. Pembeni yake wazee wa baraza wawili. Mimi nilianza. Sikukwama safari hii. Neema alikuwa amenifundisha: usihutubie mama, simulia. Nikasimulia. Kuta nilizotoboa, udongo niliobeba kichwani, plasta, sakafu, watoto. Mama Shija alisimama kuwa shahidi wangu. Dada yake Masanja wa tumbo moja! Alisema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kisukuma kwamba kaka yake aliacha kuta za udongo na milango, na kila kinachoifanya iitwe nyumba ameona wifi yake akikiweka. Kisha akamgeukia. "Masanja, nimekubeba mgongoni. Usinifanye niseme uongo uzeeni." Masanja akaangalia viatu vyake.

Zamu yake. Yeye alitaka kuonyesha kwamba nyumba yote ni nguvu yake, kwamba muuza michembe hawezi kupiga plasta hata ukuta mmoja, kwamba pesa alikuwa anatuma. Hakimu akamuuliza kama ana ushahidi wa kutuma. Akasema hakumbuki, lakini mtu wa uwezo wake atashindwaje kuijenga nyumba ndogo kama ile? Na amekuja na watu wa kuthibitisha uwezo wake.

Nyuma walikuwa wamekaa marafiki zake watatu wa Katoro, minyororo shingoni, wananukia.

Wa kwanza akasimama, wanamwita Bosi Mdogo. Akaapa. Hakimu akamuuliza anajua nini kuhusu mwenzake. Eeh! Kijito kimefunguliwa. Masanja si mtu wa kuchezewa. Masanja ana karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu, si za kukodi, zake. Ana lori. Ana nyumba ya tofali za kuchoma Katoro, ina geti. Ukitaja Masanja kule mwaloni wanakoosha dhahabu hata mbwa wanasimama. Atashindwa kujenga vyumba sita vya udongo?

Nilimwona Masanja. Mwanzo alikuwa amenyoosha kifua. Akameza mate. Nadhani alianza kuona shimo linapochimbwa. Hakimu alikuwa anaandika tu, kichwa chini. Akauliza kwa sauti ileile ya chini:

"Bwana Masanja, ni kweli mali hizi ni zako?"

Angeweza kusema wanatania. Lakini wote watatu walikuwa wanamsikia, na mtu wa Katoro hawezi kusema mbele ya wenzake kwamba hana kitu. Afadhali afungwe. Akajikohoza. "Ni zangu, mheshimiwa. Na karasha ya tatu iko njiani."

Wazee wa baraza wakatazamana.

Hakimu akaniambia nina haki ya kumuuliza shahidi maswali.  Nikamuuliza la pekee nililokuwa nalo.

"Shemeji, hizo karasha alizinunua sisi tumeshafunga ndoa, au bado?"

Alinionea huruma kabisa, akanijibu taratibu kama anamweleza mtoto. "Mama, ndoa yenu nyie ni ya zamani sana. Karasha ni mpya hizi, bado zinang'aa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Askari wa mlangoni alitoka nje kabisa. Bosi Mdogo akacheka na yeye, hajui anacheka nini. Hakimu akasubiri kutulie, akamweleza Masanja, bila kejeli: anayeomba mali ya ndoa igawanywe, huigawa yote. Nyumba ya Segese, na karasha, na lori, na nyumba yenye geti. Akaahirisha hadi tarehe ishirini na nne, kila mtu akatafakari, na kama tunaweza kuelewana tuelewane.

Marafiki wawili waliobaki hawakuitwa. Masanja mwenyewe alisema wametosha.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelala kama gogo. Nimekula vitumbua sita.

Jumatatu, 14 Julai

Amekuja peke yake. Hana miwani, hana marafiki. Mama Shija alimleta akakaa naye kwenye mkeka kama mshenga.

Alikunywa uji kwanza. Akasema viazi vya mwaka huu vimekaza. Akauliza Doto anaendeleaje. Halafu akasema lile lililomleta. "Mama Kulwa, baki na milango yako yote. Niachie mashine zangu."

Nilijua atasema hivyo.

 Nikamwambia nitaongea na Neema na nitaongea na Mungu. Akauliza nani ana nguvu zaidi. Nikamwambia kwa kesi hii wanasaidiana. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha siku za ujana tukichunga ng'ombe. Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: nilikipenda kicheko hicho. Nilimpenda mtu huyu. Imeniuma dakika chache, kisha ikapita.

Jumatano, 16 Julai

Neema hakunificha. Anasema haki yangu inaweza kuwa kubwa kuliko nyumba. Sehemu ya karasha si mchezo. Nisiharakishe kwa huruma.

Nimefikiri kweli. Kulwa anataka nikomae, nichukue na geti. Tumepiga picha kichwani, mimi bibi wa karasha, minyororo shingoni, mbwa wanasimama. Tumecheka hadi mtoto akaamka.

Lakini nisingeenda Katoro. Ningekaa nasubiri mtu aniletee hesabu za mashine, kila mwezi kumfuata, kila mwezi kumtilia shaka. Moyo wangu haungekaa hapa tena. Sitaki. Si huruma. Nimeomba kuongezewa kitu kimoja tu, shamba letu la mpunga la bondeni liandikwe jina la Kulwa na Doto. Neema akasema hilo sawa, tena zuri.

Alhamisi, 24 Julai

Imekwisha.

Masanja alikubali shamba bila kubisha. Hakimu aliniuliza mara tatu kama nimekubali kwa hiari, kama sijatishwa, kama naelewa ninachoacha. Nikasema naelewa, mheshimiwa. Akaandika. Tumetengana kisheria. Nyumba ya Segese yote ni yangu, vyumba sita, uwanja wake, hakuna wa kuingiza mpangaji wala grosari. Shamba la watoto. Mashine na Katoro yake ni vyake. Tukatia sahihi. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko wangu.

Nje akanipa mkono. Akasema nimwombee. Nikamwambia nilikuwa namwombea hata alipokuwa na brashi, ila siku hiyo meno yakiwa yamebanana.

Mama Shija alipiga vigelegele palepale kwenye ngazi za mahakama, askari akamwambia mama hapa si harusini, akapiga vingine. Kulwa kanibeba juu. Mimi na kilo zangu. Neema analia anasema ni vumbi. Tumepanda gari la Segese tukiimba, abiria wasiotujua wakaitikia.

Nyumbani nimevua viatu nikatembea chumba kwa chumba kwa ndani, kuanzia cha kwanza hadi cha sita, kisha nikarudi. Sakafu baridi. Nikalala chali katikati ya chumba cha tatu nikatazama mabati. Nilibaki hapo hadi Kulwa akanitafuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Kulwa amerudi Ushetu. Nyumba kimya. Michembe imekauka vizuri, nimejaza magunia, kesho kutwa ni gulio.

Nilikuwa uani nimeinama naosha sufuria. Nikasikia hodi. Mwanaume mgeni, fundi wa maji, wanapima mabomba ya mtaa. Akauliza kama mwenye nyumba yupo.

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Kwa mazoea tu. Hakukuwa na mtu, kuku tu.

"Ni mimi," nikasema.

Akaniuliza bomba nalitaka lipite upande gani. Nilifuta mikono, tukazunguka nyumba pamoja, sikuwa na haraka. Nikamwonyesha upande wa jikoni.